Muniappa Goundar: Miaka Thelathini na Saba, na Giaboksi Moja Kavu

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, saa tisa alasiri, Bwana Muniappa Goundar atanawa mikono kwa sabuni ya unga kwa mara ya mwisho na kuiaga karakana ya Ushirika wa Usafirishaji wa Bonde la Nasolo, baada ya utumishi wa miaka thelathini na saba, miezi miwili na siku kumi na tisa. Hesabu hiyo ni yake mwenyewe. Nilipomwambia kwamba ingetosha kuandika "miaka thelathini na saba", alinitazama kama mtu aliyepewa chai bila sukari.

Aliajiriwa tarehe 9 Septemba 1988, kijana wa miaka ishirini na mitatu, mtoto wa nne wa mkata miwa kutoka ng'ambo ya mto. Alianza kwa kuosha magari. Baada ya miezi minne alikuwa akitengeneza breki, na baada ya miaka miwili hakuna lori lililotoka langoni bila yeye kulisikiliza kwanza. Neno hilo silitumii kwa mapambo. Bwana Muni, kama tunavyomwita sote, hugusisha ncha ya bisibisi kwenye chuma, akaweka mpini sikioni, akafumba macho. Akifumbua atakuambia ni beringi ipi inayolia, na italia kwa wiki ngapi kabla ya kufa.

Ni Mhindu asiyekosa hekaluni, lakini akiwa chini ya gari hupiga mluzi nyimbo za kanisa letu la Methodisti, zote, na sauti ya pili anaijua kuliko wanakwaya wetu. Spana yake namba kumi na saba haazimishi mtu. Mwaka ule kimbunga kilipoleta mto ndani ya karakana, alizichukua stata za malori saba akazikausha katika oveni ya mke wake, Mama Sarojini. Siku ya tatu malori yote yalikuwa barabarani. Inasemekana chapati za nyumba ile zilinukia grisi mpaka Pasaka.

Wasifu huu nimeombwa kuuandika mimi, Sakiusa Naivalu, msimamizi wa karakana, kwa kuwa hakuna aliyefanya naye kazi muda mrefu kunishinda. Katibu wetu, Bi Shobna, alinipa maagizo yaliyonyooka.

"Kurasa mbili, Saki. Tia vichekesho viwili vitatu, watu wacheke, Mama Sarojini alie kidogo, basi. Usituletee hotuba."

Nimeandika mara tatu. Rasimu mbili za kwanza zilikuwa tamu, na zilikuwa za uongo. Hii mnayoisoma ni ya tatu, nami naomba radhi mapema kwamba kurasa zitazidi.

Kila mfanyakazi wa ushirika huu anakijua kisa cha Bibi, kwa sababu mimi ndiye niliyemsimulia. Sasa nakisimulia tena, safari hii kizima.

Bibi alikuwa pikapu ya buluu ya mwaka 1984, mfupi, mwepesi, milango ikifungwa kwa kamba. Ndiye pekee katika magari yetu aliyeweza kupanda mgongo wa mlima hadi kijiji cha Vunidakua na kupita daraja la magogo bila kulivunja. Jumatano alimpandisha muuguzi. Jumamosi aliwateremsha akina mama na vikapu vya magimbi kwenda sokoni. Kijiji kizima chenye nyumba sitini kilikuwa kinashuka mlima kwa magurudumu yake manne.

Mwezi Mei mwaka 2007 giaboksi yake ilianza kufa. Gia ya tatu ilitangulia; ukiiingiza, inachomoka. Dereva wake, Tomasi, ambaye ni binamu yangu kwa upande wa mama na kwa hiyo ni mtani wangu kwa sheria zote za kwetu, aliifunga fimbo ya gia kwa ukanda wa mpira wa tairi, ukashikilia kwenye kiti. Akaendesha hivyo mwezi mzima.

"Fundi," akamwambia Muni siku moja, "Bibi ameng'oka magego. Siku hizi anatafuna kwa ufizi."

"Na wewe unamlisha mifupa," Muni akamjibu. "Lete nimwone."

Mwisho wa Juni fimbo ikawa inazunguka huku na huku kama mwiko kwenye sufuria ya uji, wala gari haliendi mbele wala nyuma. Muni aliishusha giaboksi, akaifungua, akamimina kwenye sahani vipande kumi na kimoja vya meno. Uongozi ulitaka Bibi auzwe kama chuma chakavu. Muni akaomba wiki saba.

Giaboksi ya aina ile haikuwapo dukani tena. Muni aliipata nyuma ya nyumba ya mkulima mmoja wa miwa, ndani ya pikapu lililokufa zamani hata mpera ukaota katikati ya injini. Mkulima hakutaka kulivuruga kwa sababu kuku wake walitaga kwenye kiti cha dereva. Muni akamtengenezea pampu ya maji kwa Jumapili mbili, na Jumapili ya tatu akamjengea kuku banda. Akarudi na giaboksi kwenye gunia la mchele, ndani ya basi, ameibana kwa magoti, abiria wakimuuliza kama ni mbuzi.

Aliiosha kwa dizeli mpaka ikang'aa. Akabadilisha beringi zote, na sili za mpira zilizokuja kwa meli kutoka mji mkuu, Suva. Jioni nyingi nilimkuta ameizungusha shafti kwa mkono, bisibisi sikioni, anasikiliza. Sijawahi kuona mtu akikiheshimu kitu cha chuma namna ile.

Ijumaa tarehe 17 Agosti, adhuhuri, tuliipandisha. Mimi nilikuwa na jeki, yeye amelala chali. Shafti ilikataa kuingia kwenye klachi. Nikaanza kusukuma kwa bega.

"Acha, acha," akasema. "Usimlazimishe, utapinda kitu. Mnyanyue kidogo nyuma. Hapo. Sasa mngoje."

Tukangoja. Akaitikisa kidogo tu kwa viganja, ikateleza ndani kwa sauti kama ya droo ya kabati zuri. Muni akacheka peke yake kule chini. Kufikia saa tisa boliti zote zilikuwa zimekazwa, propela shafti imerudi, fimbo imesimama mahali pake. Ilibaki oili tu.

Hapa nieleze kidogo kwa wale wa ofisini. Giaboksi hupandishwa ikiwa kavu, maana ukiitia oili kabla, yote itakumwagikia usoni kupitia tundu la nyuma. Oili ndiyo kazi ya mwisho. Na kwa kuwa gari lililofungwa giaboksi kavu linafanana kabisa na gari lililo tayari, Muni alikuwa ameweka sheria: fimbo ya gia ifungwe kitambaa cheupe, na anayekifungua ni yule tu aliyekwisha kujaza oili. Vitambaa vile alivishona Mama Sarojini kutokana na mifuko ya unga. Fimbo yenye kitambaa, dereva haigusi. Fimbo isiyo na kitambaa, dereva anaondoka. Sheria hiyo ilikuwa haijawahi kukosewa.

"Saki, oili ni yako," Muni akaniambia. "Mimi nakwenda kuoga, nisije nikawapa wazee mkono wa grisi."

Wazee wenyewe walikuwa wa Vunidakua. Walikuwa wamesikia Bibi anapona, wakatuma neno kwamba watashuka na mizizi ya kava, ile inayopondwa na kuchujwa ikawa kinywaji cha heshima, kuja kushukuru. Walifika mapema kuliko tulivyowategemea, wanane, wamevaa mashati ya kanisani, wakiwa wametembea kwa muda wa saa nne. Mimi ndiye niliyekuwa mdogo wa wenyeji, kwa hiyo kuchanganya kava ilikuwa kazi yangu. Nikatandika mkeka, nikaleta bakuli la mbao, nikachukua kitambaa chetu cha kuchujia. Panya walikuwa wamekitafuna. Tundu lake liliingia vidole viwili.

Tomasi akaninong'oneza, "Mtani, leo utawapa wazee mchanga watafune?"

Wageni waliotoka mbali namna ile, wamekuja na shukrani, wanyweshwe kava yenye makapi! Nilijisikia kufa. Nikazunguka nyuma, nikaenda kwa Bibi, nikakifungua kile kitambaa cheupe kwenye fimbo ya gia, nikakisuuza bombani, nikarudi nacho mkekani. Hakuna aliyeniuliza nimekitoa wapi. Moyoni nilisema: bakuli hili likiisha, naenda kujaza oili.

Nilikuwa najidanganya, nami nilijua. Kwetu anayechanganya kava hainuki mbele ya bakuli maadamu wageni wamekaa. Nimelelewa na sheria hiyo kabla sijajua kusoma. Nilipokunja miguu pale, nilijua sitainuka upesi. Bakuli lilijazwa mara nne. Muni alirudi ameoga, nywele zimechanwa, akakaa, akapiga makofi ya kupokea kikombe, akanywa. Wazee walimsifu mpaka akainamisha kichwa kwa haya. Jua lilipozama walipandishwa lori la kuwasogeza mpaka chini ya mlima, nami nikaenda nyumbani na midomo imekufa ganzi na moyo mweupe, nimesahau oili kabisa. Niliruka majivu nikakanyaga moto, na moto wenyewe uliwaunguza wengine.

Asubuhi Tomasi alifika, akatazama fimbo ya gia. Haina kitambaa. Akapanda, akaondoka. Hana kosa hata chembe.

Bibi alikwenda kilomita tisa. Tomasi anasema alianza kuimba, kisha akapiga kelele, kisha ikaja harufu, na katikati ya mpando magurudumu ya nyuma yakafunga yote mawili kwa mpigo. Gari likarudi kinyumenyume likiburuza, likasimama kwa ubavu kwenye ukingo. Tomasi aliruka. Tulipofungua plagi ya chini ya giaboksi halikutoka hata tone la oili. Meno yalikuwa ya buluu kwa moto, yameungana, na ganda limepasuka toka mwanzo hadi mwisho. Juu kule mlimani akina mama walikaa na vikapu vyao mpaka saa sita mchana.

Giaboksi nyingine haikupatikana. Ilipita miaka miwili na miezi mitatu kabla ushirika haujapata gari jingine la kupanda kule. Muda huo wote Vunidakua walitembea. Muuguzi alipanda farasi, wiki alizopata farasi. Mama Losalini, aliyekuwa ameuza magimbi kwenye kona ile ile ya soko kwa miaka thelathini, alishuka kwa miguu mara mbili, kisha magoti yakakataa, na kona yake akapewa mtu mwingine. Nilikuwa napita sokoni pale kila Jumamosi. Nilianza kupitia upande wa pili.

Jumatatu baada ya ajali tuliitwa wote. Mwenyekiti alikuwa mwekundu wa macho, kwa kuwa alikuwa ametoka kuzungumza na wazee wale wale.

"Nataka kujua jambo moja tu," akasema. "Nani aliachiwa kujaza oili?"

Nilitazama vidole vyangu vya miguu. Nilivihesabu. Vilikuwa kumi, nikavihesabu tena.

Muni akasimama. "Giaboksi ni yangu, Mwenyekiti. Nimeifunga mimi kwa mkono wangu. Kosa ni langu."

"Wewe, Muni? Wewe?"

"Mimi."

Nikajiambia nitasema baada ya chakula cha mchana. Baada ya chakula nikajiambia kesho. Sikuwa nimepanga kumwibia mtu jina lake. Nilikuwa nimepanga kungoja tu wakati mzuri, na wakati mzuri wa kusema jambo la aibu haukuwahi kutokea.

Mwezi uliofuata msimamizi wa zamani alistaafu. Kila mtu alikuwa anajua kiti kile ni cha Muni. Mwenyekiti akasema hawezi kukabidhi karakana kwa fundi anayesahau oili, akanipa mimi. Wa kwanza kunishika mkono alikuwa Muni. Kesho yake ikaja kwangu sufuria ya mchuzi wa mbuzi kutoka nyumbani kwake. Nilikula. Nililamba na vidole. Naandika hili huku uso unaniwaka, na sitaki kulilainisha.

Halafu likaja lile jina. Sikulianzisha mimi, ila nililitumia kama wengine, na kuliko wengine: Muni Mkavu. Na kila Januari, wanagenzi wapya walipokuja, nilikuwa nawakusanya karibu na benchi na kuwasimulia kisa cha Bibi kama somo la usalama. Nilikuwa hodari. Niliiga sauti ya giaboksi ikilia, niliiga Tomasi akiruka, niliwafanya wacheke mpaka wajishike mbavu. Mwisho nilisema, "Basi msije mkawa kama Mkavu." Muni alikuwa hatua tano kutoka pale, chini ya lori, anasikia kila neno. Akimaliza kusikia alikuwa anatoa mkono nje na kuinua spana kuwasalimu wageni. Wanagenzi wakacheka tena.

Nimefanya hivyo mara kumi na nane. Naona aibu kwa ile ya kwanza, na kwa ile ya Januari mwaka huu naona aibu zaidi, kwa sababu niliongeza maneno.

Jumapili tatu zilizopita nilikwenda nyumbani kwake na daftari, kukusanya tarehe za wasifu huu. Tulikaa barazani, kwa chai ya viungo na bajia za moto. Mama Sarojini alikuwa mlangoni anachambua dengu. Muni alinipa tarehe zote bila kufungua faili. Mwishoni nikamuuliza angependa wasifu umalizike kwa kisa gani.

"Weka cha Bibi," akasema. "Watu wanakipenda. Na wewe unakisimulia vizuri."

Nikaweka kalamu chini.

"Kaka Muni, kile kisa..."

"Kunywa chai, inapoa."

"Kile kitambaa nilikifungua mimi. Nilichujia kava. Oili sikujaza."

"Najua."

Mama Sarojini hakuinua kichwa. "Anavishona nani vitambaa vile?" akaziuliza dengu zake. "Uzi mwekundu, mishono minne kila kona. Atoke na kitambaa changu, achujie kava, halafu mimi nisikijue?"

"Nilikiona bakulini jioni ile ile, Saki," Muni akasema, "hata kabla ya kikombe cha kwanza. Nikasema, ah, amekifungua, basi ameshajaza. Kukuuliza ilikuwa neno moja tu. Lakini mbele ya wazee niliona haya, nisije nikaonekana nakukagua kama mtoto. Nikapiga makofi, nikanywa. Kwa hiyo Jumatatu niliposema kosa ni langu, sikumdanganya Mwenyekiti. Nilisema nusu yangu."

Akaniongezea chai.

"Kisha nikakaa kuingoja nusu yako."

"Miaka kumi na minane?"

"Wa kwanza ndio ulikuwa mgumu." Akafikiri kidogo, kama anavyofikiri bei ya beringi. "Na Januari. Ukianza kuwasimulia wale vijana, mimi kule chini nasema, leo. Leo labda atamalizia. Nakusikiliza mpaka mwisho. Haya, nasema, mwaka kesho."

Sikuwa na pa kuuweka uso wangu.

"Kwa nini hukusema wewe, Kaka?"

"Ningesema mimi, ungekuwa umekamatwa. Sikutaka kukukamata."

"Mimi nilitaka," Mama Sarojini akasema. "Mchuzi ule wa mbuzi nilimwambia asiupeleke. Nilipoona anaupeleka, nikatafuta chumvi ya nyumba nzima niumwagie. Akanificha kopo."

Muni akacheka. Mimi nililia, mtu mzima wa miaka hamsini na nne, na bajia mkononi. Hakunibembeleza wala hakuniambia yamekwisha. Alinisindikiza mpaka langoni na kuniambia gari langu lina beringi inayolia gurudumu la mbele kushoto.

Jioni hiyo nilikwenda kwa baba yangu mkubwa, Mzee Epeli, kuomba jino la nyangumi la ukoo wetu, maana kwetu kosa la uzito huu haliombwi msamaha kwa mikono mitupu. Nilikaa chini, nikaeleza yote. Alinisikiliza amefumba macho.

"Mchuzi wake uliula?"

"Niliula, baba."

"Ukashiba?"

"Nikashiba."

Aliniacha nimekunja miguu mpaka ikafa ganzi, ndipo akaingia ndani akalileta jino.

"Hili ni la Muni," akasema. "La Vunidakua tutalitafuta. Na hilo utalipeleka kwa miguu. Usinitie aibu kwa kupanda gari."

Nitatembea. Mama Losalini hatanisikia. Alifariki mwaka 2014, nami nilikwenda mazikoni pake nikabeba shada la maua kama mtu mwema. Nitamwambia binti yake.

Bi Shobna alipoisoma rasimu hii aliniita ofisini na kufunga mlango.

"Saki, huu si wasifu, hii ni kesi! Watu watakuwa na keki mkononi!"

"Basi waisome kabla ya keki."

Akatoa kitambaa, akafuta miwani, akasema ataipiga chapa yote isipokuwa makosa ya tahajia. Mwenyekiti wetu wa sasa amepata barua yangu yenye maneno haya haya, na ombi langu la kujivua cheo cha usimamizi nirudi kwenye benchi. Bado hajanijibu. Vyovyote atakavyoamua, cheo hakitamrudia mwenyewe. Bwana Muniappa Goundar anastaafu akiwa fundi daraja la kwanza, daraja lile lile alilokuwa nalo asubuhi ya Jumatatu ile, na hilo hakuna barua inayoweza kulitengeneza.

Ijumaa, basi, msinitafute kwenye meza kuu. Nitakuwa chini, karibu na mlango, jino mikononi, na wazee wangu nyuma yangu. Kwa wenzetu wasioijua sana mila hii: anayeletewa jino anaweza kulipokea, na anaweza kulitazama tu akanyamaza, na vyote viwili ni haki yake. Nawaomba nyote msimsukume. Mtu asikohoe, asipige makofi mapema, asimwambie "Kaka Muni, hayo yamepita." Kwetu sisi yalipita. Yeye alikuwa anakuja nayo kazini kila siku saa moja kasorobo.

Kaka Muni, wafanyakazi wote wa karakana na ofisi wanakushukuru. Wanakushukuru kwa magari yaliyorudi salama na watu wao ndani, kwa mafundi uliowafundisha bila kuwapigia kelele, na kwa nyimbo zetu ulizotukumbusha tulipokuwa tumezisahau. Wanakuombea siku ndefu, mgongo usiouma, na wajukuu watakaokusikiliza kuliko tulivyokusikiliza sisi.

Langu mimi ni hili. Usilipokee jino kwa sababu watu wanatazama. Ukiliacha mikononi mwangu Ijumaa, nitalileta Jumamosi barazani kwako, na usipolitaka Jumamosi nitarudi nalo Jumatatu, nami nitakaa chini nje ya lango kama ukipenda lango lifungwe. Wewe uliningoja miaka kumi na minane, na kila mwaka ulidhani ningesema. Sasa kaa, Kaka, upumzike. Anayengoja ni mimi.